Kilichokula joho la babu

Siku chache kabla ya nikaha ya mpwa wangu, shangazi alifungua kasha kuu la chumbani kwake akalitoa joho la babu. Tulikuwa tumekaa mkekani tukilisubiri. Babu alilivaa siku ya harusi yake, wakalivaa wanawe, na safari hii zamu ilikuwa ya kijana wetu. Joho jeusi la sufu nzito, zari ya dhahabu shingoni na kifuani. Shangazi alilishika mabegani akalikunjua.

Mwanga wa dirishani ukapenya.

Chini ya kola kitambaa kilikuwa kimeliwa hata zari ikabaki inaning'inia peke yake, maua yake yameshikana yenyewe kwa yenyewe bila cha kuyabeba. Kwapani mlikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Na kanzu ya pamba iliyokunjwa ndani ya joho lile lile, imegusana nalo ubavu mzima, haikuwa na hata alama.

Shangazi hakulia. Alisema neno moja, "Nondo," kisha akanigeukia: "Mwanangu, kaniletee vidonge dukani. Leta pakiti kubwa."

Harusi ilitumeza sote. Kijana alioa kwa joho la kuazima, na vidonge havikununuliwa siku hiyo. Lakini jambo moja lilinikaa rohoni wiki nyingi baada ya hapo, likinijia nikipika, likinijia nikiwa kwenye matatu. Kasha lilipofunguliwa nilisikia harufu ya naftalini, ile dawa ya vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Vidonge vilikuwamo tayari, vimepungua vikabaki vidogo, lakini vilikuwamo.

Basi nondo waliishi vipi humo?

Na kwa nini waliiacha kanzu?

Punje nyeusi

Wageni waliporudi kwao Lamu na Malindi, nilimwomba shangazi ruhusa nilichukue joho. Nililitandaza juu ya shuka nyeupe nikalipitisha brashi taratibu. Zikadondoka punje ndogo nyeusi, ngumu, zenye kukwaruza kidole. Ukiziona haraka utasema ni mchanga. Ni kinyesi cha kiwavi wa nondo, na huwa na rangi ya nguo aliyoila, kwa sababu rangi iliyotiwa kwenye uzi hupita tumboni mwake bila kumeng'enywa. Angekula zulia jekundu, shuka yangu ingejaa punje nyekundu.

Upande wa ndani wa kola niliona vijia vya utando, virija vyembamba vya hariri vilivyogandana na kitambaa. Kiwavi huvifuma mwenyewe, akajificha humo anapokula.

Utando huo ndio ulionipa uhakika, maana wanaotoboa nguo majumbani ni wengi. Yupo yule mdudu wa rangi ya fedha, asiye na mbawa, anayekimbia ukifungua kitabu cha zamani. Huyo hupenda wanga, na kanzu iliyotiwa wanga ikakaa kabatini humvutia. Yupo mende. Wapo pia watoto wa mbawakawa fulani, wadogo na wenye manyoya, nao hula sufu vizuri sana, ila hawafumi utando. Wao huacha magamba ya ngozi walizojivua. Hapa palikuwa na utando na punje. Alikuwa nondo wa nguo, ambaye wataalamu wanamwita Tineola bisselliella, jina alilopewa mwaka 1823.

Nilipojua sura yake nilielewa kwa nini hatukuwahi kumwona. Ana urefu wa milimita sita au saba tu, rangi ya dhahabu iliyofifia, na nywele nyekundu-nyekundu kichwani. Tena hukimbia mwanga. Wale nondo wanaozunguka taa yetu kila jioni, tunaowapiga kwa kandambili, si yeye. Wametoka nje, na hawana haja na nguo za mtu.

Anayeruka hali chochote

Nondo wa nguo akishaota mbawa, hana tena mdomo wa kulia. Hula akiwa kiwavi tu. Jike hutaga mayai arubaini, hamsini, wakati mwingine zaidi, akayapachika katikati ya nyuzi, kisha hufa bila kuonja chochote. Na hao wanaoonekana wakiruka chumbani wengi ni madume, kwani majike hupenda kukimbia miguu kwenye mikunjo ya nguo kuliko kuruka. Kwa hiyo ukimuua anayepita mbele ya macho yako, wanaokula hujawagusa. Wako gizani, kwenye pindo, na wamekuwa wakila kabla hujashtuka.

Katika joto la nyumba zetu mayai huanguliwa ndani ya siku nne hadi kumi. Kiwavi naye akipata chakula kizuri hukua kwa mwezi mmoja au miwili. Chakula kikiwa duni au pakiwa na baridi, anaweza kuendelea kuwa kiwavi hata miaka miwili. Miaka miwili ndani ya kasha lililofungwa, mnyama mdogo kuliko punje ya mchele, akingoja.

Anachokula ni keratini. Hiyo ndiyo protini ya sufu, nywele, manyoya, kucha na pembe, na imeshikamana kwa vifungo vya salfa vigumu kiasi kwamba wanyama karibu wote hawawezi kuimeng'enya. Harufu ya nywele zinazoungua ni harufu ya hiyo salfa. Tumbo la kiwavi huyu lina uwezo wa kuvikata vifungo hivyo. Pamba ni kitu kingine kabisa, ni selulosi ya mmea, na hana la kufanya nayo. Leso, vikoi na kanzu za pamba zinaweza kulala naye sanduku moja zisipate kitu, isipokuwa zikiwa zimemwagikiwa chakula. Hariri iko hatarini kiasi. Poliesta haimsaidii kitu, lakini ikichanganywa na sufu ataitoboa akitafuta nyuzi anazozitaka.

Swali la kanzu lilijibika hapo. Lililobaki ni la mahali: kwa nini kola, kwa nini kwapa, na si pindo la chini ambalo liko zima mpaka leo?

Sufu safi peke yake ni chakula kikavu mno. Kiwavi anahitaji chumvi na vitamini, na huvipata kwenye jasho, kwenye mafuta ya ngozi, kwenye tone la samli la mchuzi wa harusi. Babu alitoka jasho shingoni alipokuwa akipokea mikono ya watu. Baba alitoka jasho pale pale. Ami zangu pia. Joho halifuliwi, hupungwa hewa, hufukizwa udi, likakunjwa.

Walichokula ni sufu, lakini kilichowaita ni jasho la watu wetu.

Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na bado linaniuma.

Pembe za Tsavo

Niliposoma zaidi, hasira yangu ilipata mahali pa kutulia kidogo. Watafiti wa Berlin waliofuatilia historia ya nondo huyu wanaona kwamba asili yake ni huku kwetu Afrika, na kwamba alifika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Kabla ya kuwapo kabati na makasha, jamaa zake walikuwa na kazi porini.

Kazi hiyo bado inaendelea. Anayesafiri mbugani akaona fuvu la nyati lililolala nyasini siku nyingi, azitazame pembe. Mara nyingi zimetoka vijirija vya kahawia, vimesimama kama vidole. Ni nyumba za viwavi wa nondo aitwaye Ceratophaga vastella, wa ukoo mmoja na huyu wa nguo. Anakula pembe. Fisi ameshamaliza nyama na tai ameshamaliza mishipa, na ile keratini wasiyoiweza wengine inamsubiri yeye. Pasingekuwa na wadudu wa namna hii, Tsavo ingejaa kwato na pembe zilizokauka.

Tunaye mwingine tunayeishi naye bila kumtambua. Mtakuwa mmemwona ukutani, hasa bafuni: kifuko cha kijivu, kimebapa, kinachotembea polepole, na ukikigusa kinasimama. Humo mna kiwavi wa ukoo huo huo, na riziki yake kubwa ni tando kuukuu za buibui na nywele zilizoanguka. Watoto wetu humchezea.

Sikumpenda nondo kwa kujua haya. Ila nilianza kuelewa kwamba hakuja kutuhujumu. Tulimwekea mahali pa giza, pasipo upepo wala kuguswa, tukaweka ndani yake manyoya ya kondoo yenye jasho. Kwake yeye hilo ni fuvu la nyati.

Vidonge

Swali la kwanza, la vidonge, ndilo lililogeuka kuwa zito kuliko yote.

Shangazi hakusahau. Aliniuliza tena, na safari hii alikuwa na sababu ya haraka: binamu yangu, binti yake, alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho na amekuja kujifungulia kwa mamake. Kwenye sanduku la pili mna shali nyeupe ya sufu aliyoifuma nyanya, na kofia na soksi ndogo zilizovaliwa na watoto wote wa nyumba hii. Shangazi alitaka zipate kinga kabla nondo hawajahamia huko. Nikampigia simu shoga yangu mmoja, muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, kumuuliza kama duka la karibu na kwake lina pakiti kubwa.

Akanyamaza. Kisha akaniuliza: "Shoga, hizo nguo ni za mtoto?"

Aliyonieleza nayaandika hapa kwa kirefu, kwa sababu najua ni nyumba ngapi za pwani zina sanduku la aina hiyo.

Kwenye joto la nyumbani naftalini haiyeyuki ikawa maji. Hutoka kwenye ugumu moja kwa moja ikawa mvuke, na mvuke huo hukaa kwenye nguo. Mtoto mchanga akivishwa huuvuta puani, na huingia pia kwa ngozi, zaidi kama amepakwa mafuta. Kwa watoto walio wengi huenda lisitokee jambo. Lakini wapo wenye upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambacho kazi yake ni kuzilinda seli nyekundu za damu. Naftalini ikimfikia mtoto wa namna hiyo, seli zake huvunjika kwa wingi. Anageuka manjano macho na ngozi, anapauka, mkojo unakuwa mweusi. Manjano yakizidi huingia kwenye ubongo, na yakishaharibu hapo hayarekebishiki.

Upungufu huo hurithiwa, na huwapata wavulana zaidi. Umeenea katika nchi ambazo malaria imekaa vizazi na vizazi, kwa kuwa unampa mtu nafuu fulani dhidi ya ugonjwa huo. Yaani ni sisi. Mombasa, Kilifi, Tanga, Unguja, na ng'ambo Omani vilevile.

Nilipomwambia shangazi, jibu lake lilikuwa lile ambalo ningelitoa mimi: "Mwanangu, nyinyi nyote mmevaa nguo za sanduku hili. Nani aligeuka manjano?"

Sikuwa na la kusema pale pale. Nilimheshimu kwa swali hilo, kwa sababu ni la haki. Nililala nalo. Jibu nililompelekea asubuhi ni kwamba upungufu huo mama anaweza kuubeba asiugue yeye, akamrithisha mtoto wa kiume, na hatujui damu ya mtoto anayekuja imebeba nini. Hakusema kitu. Baadaye kidogo nilisikia akimwambia binamu yangu azitoe nguo zile zote nje.

Tena, vidonge vyenyewe havikuwa vimelilinda joho. Ili mvuke wa naftalini umuue kiwavi lazima uwe mzito, ndani ya kitu kisichopitisha hewa hata kidogo, kwa muda. Kasha la mbao lina nyufa. Kabati la nguo ndiyo kabisa. Kinachobaki humo ni harufu isiyotosha kuua, na kinachotoka kinavutwa na waliolala chumbani. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku naftalini kama dawa ya nondo mwaka 2008. Kwetu bado inauzwa karibu na peremende, nayo ni nyeupe na ya mviringo, na mtoto wa miaka miwili hawezi kujua tofauti.

Mkiwa na mtoto mchanga, au mnamtarajia, vitoeni nyumbani. Na mtoto aliyevishwa nguo za namna hiyo akianza kuwa manjano, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na mseme wazi kwamba nguo zake zilikaa na vidonge. Daktari hawezi kubahatisha jambo hilo.

Kaskazi

Nyanya alikuwa na kasha hilo hilo kabla ya shangazi, na joho halikuwahi kuliwa. Hili lilinishughulisha.

Watu wa makamo yangu wanakumbuka. Kaskazi ikitulia, Januari au Februari, jua kali na upepo mkavu, makasha yote ya nyumba yalipandishwa yaliyomo juu ya paa. Majoho, mazulia, blanketi la sufu la babu. Kila nguo ilikung'utwa, ikageuzwa nje ndani, ikapigwa brashi kwenye mishono, ikaachwa juani mpaka alasiri. Kasha lenyewe lilifutwa pembe zote. Ndipo nguo zilirudi, na karafuu na majani makavu ya mwarobaini katikati yake, na udi mwisho.

Sisi tulioona tukiwa wadogo tulikumbuka harufu. Karafuu, udi, asumini. Na tulipokuwa wakubwa tukarithi harufu, tukaacha mkung'uto.

Karafuu ina mafuta yaitwayo eujenoli, na wadudu wengi hawayapendi. Itamfanya jike asite kutaga, wiki kadhaa, mpaka ikauke. Kiwavi aliyekwisha kuwamo haimtoi. Kilichokuwa kikiliokoa joho miaka ile ni mikono na jua. Kiwavi akifunuliwa mwangani hujiachia aanguke, mayai huparuliwa na brashi, na sufu nyeusi iliyoanikwa juani mchana wa Februari hupata moto asioustahimili. Ikifika nyuzi hamsini na tano kwa saa moja hivi hapati kupona, wala mayai yake.

Halafu tukahamia ghorofani. Paa la jengo letu lina matangi ya maji na mlango wa kufuli. Hakuna aliyeamua kwamba kasha lisifunguliwe tena. Palikosekana tu mahali pa kuanika, na vidonge vikapatikana kwa bei rahisi.

Friza ya jirani

Kabla ya joho kurudi popote ilibidi tuwamalize waliomo. Njia wanayoitumia makumbusho haina sumu: baridi. Friza ya nyumbani yenye nyuzi kumi na nane chini ya sifuri huua mayai, viwavi na wakubwa wao, mradi nguo ikae humo wiki mbili. Joho lilipigwa brashi kwanza, likatiwa kwenye mfuko wa plastiki ukiwa mkavu, hewa ikakamuliwa, mdomo ukafungwa kwa gundi ya karatasi. Jirani yetu anayeuza barafu za ubuyu alitupa droo ya chini.

Stima ilipotea mara kwa mara, kama kawaida ya mtaa wetu, na baridi ikipanda na kushuka viwavi wengine huponyoka. Kwa hiyo tulilitoa, tukalirudisha mara ya pili kwa muda ule ule. Cha kuzingatia ni kutoufungua mfuko ukitoka barafuni. Uacheni siku nzima urudi kwenye joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa ya Mombasa utagandia kwenye nguo na zari.

Fundi

Fundi wa Mji wa Kale aliyelipokea ni mzee anayejua zari. Alichomoa uzi mmoja wa joho akauchoma kwa kiberiti: harufu ya nywele, jivu linalosagika. "Sufu tupu," akasema. Kisha akachoma uzi wa kitambaa cheusi alichonacho yeye, nao ukayeyuka ukawa tone gumu. Ushauri wake ulikuwa kuihamishia zari yote kwenye kitambaa hicho cha pili. Nondo hatakigusa milele.

Nilikubali moyoni papo hapo. Shangazi alikataa.

Tulibishana njia nzima ya kurudi. Mimi nilikuwa na hoja zote, nilikuwa nimesoma. Yeye alikuwa na moja: kitambaa kisichoweza kuliwa ndicho ambacho hakuna atakayekumbuka kukifungua. Nilifikiri sana kabla ya kukubali kwamba ana haki. Joho lililosahaulika miaka kumi na tano likiwa zima lingekuwa zima, lakini kwa nani?

Kwa hiyo fundi anatumia sufu. Mgongo na mapindo ya zamani yanabaki, kola na makwapa yanapata kitambaa kipya, na zari inarudi mahali pake. Kwapani ataweka kikinga jasho cha pamba kinachotoka kikafuliwa. Baada ya kila harusi litapigwa brashi kabla ya kukunjwa, na kasha litafunguliwa kila kaskazi.

Binamu yangu amejifungua mtoto wa kiume. Shali ya nyanya ilifuliwa ikapigwa jua mara nyingi, na shangazi bado hakuridhika nayo. Mtoto anafunikwa leso ya pamba iliyonunuliwa mpya.

Mwenye nyumba naye nimeshazungumza naye. Amekubali kutupa ufunguo wa paa Januari, kwa sharti kwamba kamba za kuanikia zisifungwe kwenye matangi.